Jino la Sita: Mhadhara kwa Wazazi na Walimu, Goma

Waheshimiwa wazazi, walimu wetu, nanyi wauguzi mliotoka katika vituo vya afya vya Karisimbi na vya Goma, ninawasalimu na kuwashukuru kwa kuja siku ya mvua kama hii. Barua ya mwaliko ilinitaka nizungumze juu ya umuhimu wa kupiga mswaki. Nitaufikia mswaki mwishoni kama dakika zitabaki, na mnaonijua mnajua kwamba kwa kawaida hazibaki. Nimekuja kwa ajili ya meno ambayo mswaki umekwisha kuchelewa kuyafikia: meno ya mtoto yaliyotoboka, yaliyomeguka, yenye shimo jeusi, ambayo mzazi huyatazama na kutamka neno nililolisikia Ndosho, nililolisikia Birere, nililolisikia Keshero, na ambalo nina hakika nitalisikia tena leo kabla hatujatoka ukumbini: "Acha tu, hilo ni la maziwa, litaanguka lenyewe."

Neno hilo lina ukweli ndani yake, na ndiyo maana ni gumu kulishinda. Jino la maziwa huanguka, sibishi. Nauliza tu: huanguka lini? Meno ya mbele huanza kulegea mtoto anapokaribia miaka 6, na hayo ndiyo ambayo kila mzazi anayakumbuka, kwa sababu mtoto akicheka pengo linaonekana na nyumba nzima inamtania. Lakini magego ya maziwa, yale manane ya nyuma, hukaa kinywani mpaka miaka 10, 11, hata 12. Kwa hiyo mtoto wa miaka 4 mwenye tundu katika gego la nyuma, tunapomwambia asubiri lianguke, tunamwambia asubiri miaka 7 au 8. Katika miaka hiyo atatafunia upande gani sambaza zake, samaki wale wadogo wa ziwani? Atalala usiku ngapi? Atakosa masomo mara ngapi? Sisi tuliokomaa jino likituuma siku mbili tu, nyumba nzima inajua, na bado tunamwona mtoto anayelia usiku kuwa mdekaji.

Hapa Goma tunaishi katika nyumba za mbao juu ya mawe ya volkano. Ubao mmoja ukioza upande unaopigwa na mvua, hamna anayebomoa nyumba, na hamna anayekaa akingoja ukuta uanguke wenyewe. Fundi huitwa, hutoa kipande kibovu, huweka kipya, na watu hulala. Kuhusu jino la mtoto, mji mzima unajua njia mbili tu, kuling'oa au kuliacha, na kazi ya fundi iliyoko kati ya hizo mbili imesahauliwa. Ni kazi hiyo ya fundi nitakayoieleza, lakini kwanza niseme kwa nini inafaa kujisumbua kwa ajili ya jino ambalo sote tunajua litaondoka.

Jino la maziwa lina gamba jembamba kuliko la mkubwa, na kiini chake chenye neva na damu ni kikubwa, kiko karibu na ukuta. Tundu ambalo kwa mtu mzima lingechukua muda mrefu kufika kwenye neva, kwa mtoto hufika upesi sana. Likishafika, uozo hushuka mizizini, ufizi hutoa kipele chenye usaha, na pale chini ya mizizi, ndani ya mfupa, ndipo jino la ukubwani linapojengwa. Usaha ukikaa jirani na jino linalojengwa, unaweza kuliharibia gamba kabla halijatoka, nalo hutoka na mabaka au na sehemu pungufu. Mzazi aliyesema "litaanguka, litakuja jipya" anapokea jipya lenye kasoro, kisha anashangaa kana kwamba limetumwa na jirani mwenye wivu.

Lipo na jambo la nafasi. Mama anayeuza katika soko la Virunga akikosa siku tatu, akirudi anakuta jirani wa kulia ametandika vitu vyake hadi pale alipokuwa anaketi yeye. Meno nayo hufanya hivyohivyo. Gego la pili la maziwa likitolewa mapema, jino lililo nyuma yake husogea mbele, na lile la ukubwani lililopangiwa mahali pale likifika linakuta pamejaa. Hapo ndipo linapotokea juu ya ufizi kama pembe, au linabaki limefungiwa mfupani. Jino la maziwa ndilo linaloshika kiti cha mwenzake. Ukilitoa kabla ya wakati, kiti kinakaliwa.

Sasa naomba tufanye zoezi, na msione haya, hata Bwana Mkurugenzi atalifanya. Kila mmoja aweke ncha ya ulimi katikati ya meno ya chini ya mbele, kisha ahesabu kuelekea upande mmoja, jino moja baada ya jingine. Moja, mbili, tatu, nne, tano. Kama kuna pengo, lihesabiwe nalo. La sita. Simameni hapo. Wengine mnatabasamu, wengine mmeguna, na nimewaona wale waliokuta pengo. Sitawauliza majina. Hilo ndilo jino nililolifanya kuwa kichwa cha mazungumzo haya, na kama mtasahau yote nitakayosema baada ya hapa, mlikumbuke hilo tu.

Mtoto ana meno ya maziwa 20, yaani matano kila upande, juu na chini. Hayapo ya sita. Kwa hiyo jino la sita likitokea, na hutokea mtoto akiwa na miaka 6 hivi, hilo ni la kudumu. Halikuja kuchukua nafasi ya jino lolote. Limejitokeza nyuma kabisa, kimya, bila jino lingine kuanguka kwanza, bila damu, bila sherehe, na kwa kuwa hakuna kilichoanguka, mzazi hana habari kwamba kuna kilichotoka. Siku atakapoliona, litakuwa kubwa, litakuwa na mifereji mirefu juu, na mara nyingi katikati ya mifereji hiyo litakuwa na tundu. Naye atasema nini? Atasema ni la maziwa.

Nitawasimulia kisa kimoja. Mnaokijua mtanivumilia, maana nitakisimulia mpaka kisiwe na faida tena. Bibi mmoja aliniletea mjukuu wake, msichana wa miaka 9, shavu limevimba upande wa kulia. Bibi alikuwa amefanya yote aliyoweza: maji ya chumvi, karafuu, na mwishowe mtu wa mtaani akamshauri afungue kapsuli ya antibiotiki amwage unga wake ndani ya tundu, akaumwaga. (Wauguzi mnacheka, lakini mnajua kwamba si yeye peke yake, na kwa wengine wote niseme kwamba unga ule ndani ya tundu hautibu kitu, unachoma ufizi tu, na dawa imepotea.) Akaniambia, "Mganga, tulitoe hili upesi, gari la kurudi linanisubiri, na hata hivyo ni la maziwa." Nikamwambia, "Mama, kabla sijashika koleo, nisaidie kitu kimoja. Hili jino lilipotoka, ni jino gani lilianguka kwanza pale?" Akafikiri. Bibi huyo alilea watoto saba, hakuwa mtu wa kujibu ovyo. Akasema, "Pale? Hakuna lililoanguka pale." Nikahesabu mbele yake kwa kioo: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Akanyamaza. Kisha akaniuliza swali ambalo hadi leo sijalipatia jibu jema: "Basi lile la kaka yake walilong'oa mwaka uliopita, lilikuwa la ngapi?"

Kaka yake alikuwa nje, akala biskuti. Tulimwita. Lilikuwa la sita.

Jino lile lingeweza kumhudumia mtu yule miaka 60. Lilitolewa kwa dakika chache na mtu ambaye hakuhesabu mpaka sita. Simlaumu kwa jina, na wala sitaki mtu aniulize ilikuwa wapi. Nasema tu kwamba kila jino la sita linaloondoka kinywani mwa mtoto wa miaka 8 linaharibu zaidi ya pale lilipokuwa, kwa sababu ndilo jino ambalo mengine ya ukubwani hujipanga kwa kulifuata, na ndilo linalobeba sehemu kubwa ya kazi ya kutafuna. La msichana, kwa bahati, kiini chake hakikuwa kimekufa chote. Lilimgharimu bibi safari tatu na fedha ambazo hakuwa amezipanga, lakini jino lipo, na naliona kila anapokuja kunisalimu.

Sasa kuna anayejiuliza moyoni, naye ameketi safu ya tatu na amekunja mikono: mbona babu zetu hawakuzibwa meno na walikufa wakiwa na meno yao? Mzee wangu, kwanza si kweli kwamba wote walikufa nayo; muulize yeyote aliyempondea bibi yake nyama. Pili, babu yako hakuanza siku kwa chai yenye vijiko vinne vya sukari, akaiongezea andazi, akapewa bomboni njiani ili asilie, akanywa sucré, yaani soda, saa nne kwa kuwa mwenzake naye anakunywa. Vijidudu vya kinywani hula sukari na kutoa tindikali, na tindikali hiyo hulegeza madini ya gamba kwa muda wa nusu saa au zaidi kabla mate hayajaituliza. Mtoto akila tamu mara moja akamaliza, mate yanapata nafasi ya kurekebisha. Akinyonya bomboni asubuhi, saa nne, adhuhuri na jioni, mate hayapati hata dakika ya kupumua. Hesabu mara ngapi kwa siku kabla hujahesabu vijiko vingapi.

Na yule mwingine anayesema ni mdudu, kwamba aliwahi kumwona mtu akimtoa mdudu jinoni kwa moshi wa mbegu, yeye namjibu kwa ufupi. Imani hiyo ni ya zamani kuliko mataifa yetu. Watu wa Babeli waliiandika juu ya udongo. Mfaransa Pierre Fauchard, aliyeandika juu ya tiba ya meno mwaka 1728, alitafuta mdudu huyo hata kwa hadubini, hakumpata. Kilichoonekana katika bakuli la moshi ni chipukizi la mbegu yenyewe. Tuendelee.

Fundi hufanya nini, basi? Wengi wanaogopa daktari wa meno kwa sababu ya mlio wa mashine na sindano, na watoto wanarithi hofu hiyo kutoka kwetu hata kabla hawajafika mlangoni, maana tunawatisha kwamba wakikosea tutawapeleka kudungwa. Habari njema kwa mji ambao umeme wake huja na kuondoka kama mgeni ni kwamba sehemu kubwa ya kazi hii haihitaji mashine. Katikati ya miaka ya 1980 Mholanzi Jo Frencken, aliyekuwa akifanya kazi Tanzania, hapo ng'ambo ya ziwa letu la pili, Tanganyika, aliona kwamba mashine nzuri haina maana mahali pasipo na umeme wala vipuri. Akaanza kusafisha matundu kwa vifaa vya mkono peke yake: kitu cha kupanulia mdomo wa tundu, na kijiko kidogo chenye makali cha kukwangulia uozo laini. Kisha tundu linajazwa. Tarehe 7 Aprili 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani, lile tunaloliita OMS, liliitangaza njia hiyo kwa ulimwengu. Mimi huwa nawakumbusha wenzangu kwamba tiba iliyotoka Afrika Mashariki ikaenda kufundishwa Ulaya si jambo la kila siku.

Kinachojaza tundu ni simenti inayoitwa ionoma ya kioo, iliyobuniwa na wakemia Wilson na Kent huko London na kutangazwa mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ni unga na maji yake. Unachanganya kwa kijiti juu ya karatasi, na una dakika chache kabla haijakauka. Sifa yake ya kwanza ni kwamba inashikamana na jino lenyewe, kwa hiyo si lazima kuchimba pakubwa ili iwe na pa kung'ang'ania. Ya pili ni kwamba inaachia kidogo kidogo floridi, madini yanayoimarisha gamba la jino, ambayo inasaidia ukingo wa tundu. Mtoto mwenye tundu la juu ya jino, lisilofika kwenye neva, anaketi, anafumbua kinywa, tunakwangua, tunakausha kwa pamba, tunajaza, tunabonyeza kwa kidole chenye vaselini, anauma mara moja kupima, anaondoka. Mara nyingi bila sindano. Tafiti zilizokusanywa kwa miaka mingi zinaonyesha kwamba kujaza kwa namna hii katika jino la maziwa lenye tundu la upande mmoja, zaidi ya 90 katika 100 huwa bado kumesimama baada ya miaka 2. Lakini tundu likiwa kati ya jino na jino, likishika pande mbili, hesabu hushuka kuelekea 60 hivi katika 100. Nasema hili waziwazi kwa sababu nimechoka na madaktari wanaoahidi kila kitu, kisha mzazi anarudi na simenti mkononi.

Hapo pingamizi hutoka kwa walimu, na ni pingamizi la watu wenye akili: "Daktari, umekwangua laini tu; umeacha uozo ndani ukafunika. Si umefungia mwizi ndani ya nyumba?" Ndiyo, nimemfungia, na ninamfungia kwa makusudi. Mwizi huyu anakula sukari inayopita kinywani. Ukuta ukiwa mzima na mlango umezibwa vizuri, sukari haimfikii, naye anadhoofika na kunyamaza, na jino linajenga ukuta mpya kutoka ndani kulinda neva. Kilicho hatari ni kukwangua mpaka mwisho kwa ajili ya usafi wa macho, ukafika kwenye neva ambayo ungeweza kuiacha salama. Nilipofundishwa, tulifundishwa kukwangua hadi jino lilie kama chuma. Tulikosea, na waliotufundisha wenyewe wamelikubali kosa hilo.

Ushahidi mkubwa wa jambo hilo ulitoka kwa daktari mmoja wa Uskoti, Norna Hall. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1980, alikuwa anachukua kofia ndogo ya chuma kisichoshika kutu, iliyotengenezwa kwa umbo la gego la maziwa, anaijaza ionoma na kuibonyeza juu ya jino lililooza: bila sindano, bila kuchimba, bila kutoa uozo wowote. Wenzake walidhani ni uzembe. Daftari zake zilipochunguzwa na matokeo kuchapishwa mwaka 2006, na majaribio yaliyofuata yakamlinganisha na kujaza kwa kawaida, kofia zake zilishinda. Mtoto huuma juu kidogo kwa siku za mwanzo, wiki chache baadaye meno yamejirekebisha, na kofia huanguka pamoja na jino lenyewe wakati wake ukifika. Kwa magego yenye tundu la kati ya jino na jino, ambako ionoma peke yake huchoka, mimi leo ningechagua kofia. Baadhi ya akina mama wanasema inang'aa mno, mtoto ataonekana kama tajiri wa zamani. Watoto, kwa uzoefu wangu, huomba ya pili.

Kuna na dawa ya kupaka, floridi ya fedha, fedha ile ya madini na si ile ya mfukoni, ambayo Wajapani waliianza tangu miaka ya 1960. Unapaka tone dogo juu ya uozo, uozo unagota na kuwa mgumu. Hasara yake ni moja: sehemu iliyooza inakuwa nyeusi kama makaa, na haing'ariki tena. Kwa mtoto wa miaka 2 asiyekaa kitini, mwenye meno manne ya mbele yaliyooza kwa sababu ya kulala na chupa ya maziwa yenye sukari, weusi huo ni bei ndogo, lakini mzazi aambiwe kabla ya kupaka, asiambiwe baadaye. Mwaka 2021 OMS iliingiza floridi hiyo ya fedha, ionoma ya kioo na dawa ya meno yenye floridi katika orodha ya dawa muhimu. Nawaambia wauguzi hasa, ili siku mkiandika mahitaji ya kituo, msione aibu kuyaandika hayo pamoja na parasetamoli.

Naona mwenyekiti anatazama saa. Nitaharakisha, ingawa hakuna aliyetazama saa tulipokuwa tunamsikiliza mtu wa kuuza solari.

Uozo ukishafika kwenye kiini, bado jino la maziwa linaweza kuokolewa: sehemu ya kiini iliyo juu hutolewa, ya mizizini huachwa ikiwa hai, hufunikwa kwa dawa, na juu yake kofia. Hiyo inahitaji sindano na mkono uliozoea, na si kila mahali mjini ipo. Kipele chenye usaha kikirudi mara kwa mara na jino kutikisika, ling'olewe, sibishi. Ila likiwa gego na mtoto hajafika umri wa lile la ukubwani kutoka, muulizeni daktari juu ya waya mdogo wa kushikilia nafasi. Uvimbe unaopanda kuelekea jichoni au kushuka shingoni, pamoja na homa, au mtoto kushindwa kumeza, huo si wa kungoja Jumatatu. Ni wa hospitali usiku uleule.

Wapo waliokuja kwa ajili ya madoa ya kahawia. Hayo niliyaweka mwishoni na nasikitika, kwa sababu yangeweza kuwa na mhadhara wao. Mlima wetu Nyiragongo hutoa mvuke wenye floridi, mvuke huo huoshwa na mvua, na katika vijiji vya upande wa magharibi wa mlima, ambako watu hukinga maji ya mvua juu ya mabati kwa kuwa hakuna mto wala bomba, maji yamepimwa na kukutwa yamepita miligramu 1.5 kwa lita, ambayo ndiyo mwisho unaokubaliwa na OMS. Mtoto akiyanywa miaka ile meno yanapojengwa, meno hutoka na mabaka meupe au ya kahawia. Huo si uozo. Hauzibwi kama tundu, na usikubali mtu akung'olee mtoto jino kwa sababu ya rangi. Kwa hiyo mnaniuliza: kama floridi tunayo nyingi, kwa nini unatuambia tutumie dawa ya meno yenye floridi? Kwa sababu ya kwenye maji huingia tumboni na kufika kwenye jino likiwa bado mfupani, na ya kwenye mswaki hufanya kazi juu ya jino lililokwisha kutoka. Mtoto aliye chini ya miaka 3 awekewe kiasi cha punje moja ya mchele, wa miaka 3 hadi 6 kiasi cha punje ya njegere, afundishwe kutema, na mzazi ndiye ashike mswaki. Maji ya mvua ya upande ule wa mlima, kama kuna mengine ya kumpa mtoto mdogo, apewe hayo mengine.

Mswaki, basi, tumeufikia. Mara mbili kwa siku, ya usiku isikosekane, na baada yake hakuna kitu kitamu tena. Kwa jino la sita linapotoka, ambalo kwa miezi kadhaa hukaa chini kuliko wenzake hivi kwamba mswaki unaopita mbele na nyuma huliruka, geuzeni mswaki uingie kwa pembeni, kutoka shavuni. Mifereji yake inaweza kuzibwa kwa ionoma hiyohiyo kabla tundu halijaanza, hata jino likiwa halijapanda lote.

Nilikuwa nimeandika ukurasa mzima juu ya meno yaliyovunjika kwa kuanguka, kwa ajili ya watoto wanaopanda chikudu, baiskeli zetu za mbao, kwenye mteremko, lakini mwenyekiti amesimama na nimemwelewa. Walimu, jambo moja tu la ukurasa huo: jino la mbele la ukubwani likitoka zima, lishikwe juu na si kwenye mzizi, lioshwe haraka kwa maji safi bila kusugua, lirudishwe mahali pake saa ileile, au liwekwe katika maziwa baridi, na mtoto aletwe mbio. La maziwa lisirudishwe.

Pale karibu na mlango nimeweka meza, tochi na vioo viwili. Wale wenye watoto wa miaka 6 na 7 waje kwanza. Tutahesabu pamoja kutoka katikati, nanyi mtaniambia la sita limetoka au bado.